Rangi ya ekzosi na injini: enameli, silikoni ya kupuliza, silva ya mkebe au kauri?

Ekzosi ya pikipiki ya Tanga haizeeki kama ya Dodoma. Huku kwetu upepo wa kusi unaleta chumvi mchana, usiku bomba likipoa linalala na umande, na asubuhi linawashwa tena. Ndiyo maana wenye bodaboda, wenye majenereta na wenye pikapu za dizeli wana swali moja: nipake rangi gani isibabuke?

Mara nyingi anayeuliza ameshapoteza hela. Alinunua kopo la rangi nyeusi ya kawaida, akapuliza juu ya kutu, ikang'aa siku mbili, kisha ikafuka moshi, ikageuka kahawia na kudondoka magamba. Si lazima rangi iwe feki. Kila rangi ina utomvu unaoshikilia unga wake kwenye chuma, na utomvu wa rangi za kawaida umejengwa kwa kaboni. Ukipita nyuzi 150 hivi za Selsiasi, unaanza kuungua kama kitu kingine chochote chenye kaboni. Rangi za joto kali hutumia utomvu wa silikoni, ambao uti wake wa mgongo ni wa asili moja na mchanga. Joto likizidi, sehemu zenye kaboni huondoka, na kinachobaki ni tabaka gumu linalokaribia kioo, ambalo bado limekamata chuma.

Kwa hiyo rangi ya kawaida naiacha kando. Ibaki kwenye fremu, stendi na madigadi. Hapa nalinganisha nne.

Ya kwanza ni enameli ya injini. Huja kwenye kopo la kupuliza na ina rangi za kila aina: nyekundu, bluu, kijani, silva. Utomvu wake ni wa kawaida ulioimarishwa ili usiyumbishwe na mafuta wala joto la injini. Ya pili ni silikoni ya kupuliza, yale makopo meusi, ya kijivu au ya silva yanayouzwa kwa ajili ya ekzosi na majiko. Ya tatu ni silva ya joto ya mkebe, yaani silikoni iliyochanganywa na chembe za alumini, inayopakwa kwa brashi kwenye mabomba ya moshi na boila za viwandani. Ya nne ni kauri: silikoni yenye unga wa kauri, kuanzia makopo ya kupuliza hadi ile inayopigwa na fundi maalumu kwa kompresa.

Vigezo nitakavyotumia

Ni sita: joto inaloweza kuvumilia, kiasi cha maandalizi inachodai, namna inavyokomazwa kwa moto, inavyosimama mbele ya petroli na oili, inavyosimama mbele ya chumvi na unyevu, na mwisho fedha pamoja na urahisi wa kurudia. Kwa maoni yangu cha kwanza na cha pili vina uzito kuliko vinne vilivyobaki vikijumlishwa. Ndiyo maana nitakaa navyo zaidi.

Joto

Injini moja ina hali ya hewa tatu au nne. Bloku inayopozwa kwa maji hukaa kati ya nyuzi 90 na 120. Silinda ya pikipiki inayopozwa kwa upepo hufika 150 hadi 250 juu kwenye hedi. Bomba la mbele la ekzosi, pale linapotoka kwenye hedi, huenda 300 hadi 500, na zaidi ukipanda mlima na mzigo. Sehemu nene ya nyuma ya ekzosi ni ya wastani, 150 hadi 300. Turbo na menifodi ya dizeli iliyobebeshwa inaweza kupita 600 na kuonekana nyekundu gizani.

Sasa pima rangi zako hapo. Enameli ya injini huishia nyuzi 260 hadi 290. Inatosha sana kwa bloku, kava za pembeni na sampu, inatosha kwa silinda ya upepo isiyoteswa, na haitoshi kabisa kwa bomba la mbele. Silikoni ya kupuliza huandikwa nyuzi 600 hadi 650. Silva ya mkebe huishia karibu na 600, na ina ukomo wa asili: alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kauri huanzia 700 na nyingine huzidi 1,000.

Hapa kuna mtego unaowaangusha wengi. Makopo mengi namba yake ni ya Farenhaiti, kipimo cha Marekani. Kopo lenye 1200F ni nyuzi 649 za kwetu. Lenye 550F ni 288 tu, na nimeona mtu akilipaka kwenye bomba la mbele kwa imani kwamba amenunua rangi ya joto kali. VHT Flameproof, ambayo ni kauri ya kopo, huandikwa 2000F, yaani 1,093. Soma herufi inayofuata namba. Soma pia kama namba hiyo ni ya joto la kudumu au la kupita tu, kwa sababu kopo kwa kawaida hutangaza kile cha kupita, na cha kudumu huwa chini yake.

Hujui sehemu yako ina joto gani? Bunduki ya kupima joto kwa mwanga inasaidia, ila kwenye kromu inayong'aa hudanganya kwa kusoma chini. Ipime pale penye weusi au masizi. Bila kifaa, chovya kidole kwenye maji na udondoshe tone moja kwenye bomba: likichemka papo hapo umepita 100, likiwa gololi ndogo inayokimbia bila kulowesha umepita 200 hivi. Chuma kitupu kilichogeuka bluu kimeshafika karibu 300. Kinachowaka wekundu hafifu gizani kimepita 500.

Maandalizi

Rangi nyingi za joto huharibikia hapa. Haijalishi umenunua kopo la bei gani: ikikaa juu ya kutu, juu ya grisi au juu ya rangi ya zamani, itaondoka na kile ilichokalia.

Enameli ya injini ndiyo yenye huruma. Ukiosha vizuri, ukapitisha msasa na kuacha rangi ya zamani iliyoshika sawasawa, itakubali kukaa juu yake. Inakubali hata praima, ili mradi iwe ya injini. Silva ya mkebe inavumilia kidogo, kwa maana brashi inasukuma rangi kwenye vishimo vya kutu ambavyo kopo la kupuliza lingeviruka, lakini bado inataka chuma kisichokuwa na magamba. Silikoni ya kupuliza inataka chuma kitupu. Kauri inataka chuma kitupu kilichokwaruzwa, na fundi makini atakataa kazi kama hakijapigwa mchanga.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Fungua ekzosi, iondoe kwenye pikipiki. Ondoa grisi kwanza kwa mafuta ya taa na sabuni kabla ya kugusa msasa, la sivyo unaisugulia grisi ndani ya chuma. Kisha grenda yenye brashi ya waya, halafu msasa namba 80 na kumalizia na 120. Usilainishe zaidi ya hapo, kwani rangi inahitaji mikwaruzo ya kushika. Kromu ikwangue hadi iishe mng'ao wote. Kama huwezi, usiipake. Futa kwa tina au asetoni na kitambaa cheupe hadi kitambaa kitoke cheupe. Baada ya hapo shika kwa glavu tu, maana jasho la kidole linaacha chumvi na mafuta.

Usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini kwenye kitu utakachokipasha moto. Mabaki yake yakikutana na joto kali hutoa gesi ya fosjini, ambayo ni sumu ya mapafu.

Kuhusu kupiga mchanga nina uchungu nao. Niliwahi kupeleka bomba kwa fundi, likarudi jeupe zuri, nikapaka siku hiyo hiyo. Ndani ya mwezi kutu ilichipuka kwa madoa madogo kila mahali. Alikuwa anatumia mchanga wa ufukweni. Chembe za chumvi zilikuwa zimepigiliwa ndani ya chuma, na hakuna rangi iliyobuniwa ya kuzima hilo. Uliza mchanga umetoka wapi. Na kwa afya ya fundi mwenyewe, hata mchanga wa mtoni haufai, kwa kuwa vumbi lake la silika huua mapafu polepole. Chenga za mabaki ya makaa ya mawe yaliyochomwa kiwandani, au za jiwe la garneti, ni salama zaidi, na bado zinataka barakoa ya maana.

Vitu vitatu visikae chini ya rangi yoyote ya joto kwenye ekzosi: pati, praima nyekundu ya kawaida, na dawa za kugeuza kutu kuwa nyeusi. Vyote vina utomvu unaoungua, na vikiungua vinabeba rangi. Praima ya zinki ya silikati ni habari tofauti, inafika nyuzi 400 na inafaa sehemu ya nyuma, lakini zinki huyeyuka kwenye 419, kwa hiyo ikae mbali na bomba la mbele.

Hapa pwani chuma kitupu hakingoji. Kikwangue asubuhi umande ukishakauka, kipake kabla ya alasiri. Kulaza chuma kitupu usiku mmoja wakati wa masika ni kuanza upya.

Upakaji na kukomaza kwa moto

Enameli: tabaka mbili au tatu, kausha kivulini, basi. Ukitaka iwahi kuwa ngumu, nyuzi 93 kwa dakika 20 zinatosha, na injini yenyewe inatoa hizo.

Silikoni ya kupuliza na kauri ya kopo zinapakwa nyembamba kuliko mkono unavyotamani. Tikisa kopo dakika mbili, simama sentimita 25 hivi, pitisha tabaka la ukungu, subiri dakika kumi, pitisha la pili, la tatu likolee. Zikijumlishwa zote zisizidi unene wa karatasi ya daftari. Rangi nene hutega hewa na tina ndani, na zikipata moto hutoka kwa malengelenge. Kwenye mapezi ya silinda unene una madhara mengine: unakuwa blanketi, na injini ya upepo haitaki blanketi.

Kisha moto. Rangi hizi zikikauka kwa hewa huwa bado laini. Ugumu wake unatoka kwenye joto. VHT Flameproof, kwa mfano, inataka nyuzi 121 kwa nusu saa, ipoe nusu saa, nyuzi 204 kwa nusu saa, ipoe tena, kisha 316 kwa nusu saa. Ukiwa na tanuri la karakana, fuata hivyo. Tanuri la jikoni kwako likae mbali na kazi hii, kwa sababu ule moshi si wa kuchanganya na chakula.

Wengi hawana tanuri, wana pikipiki. Irudishe ekzosi, iache injini ingurume bila gia dakika kumi, izime, ipoe hadi uweze kuishika. Rudia. Usizidishe dakika hizo kwa mkupuo mmoja, maana pikipiki iliyosimama haina upepo wa kuipoza. Mara ya tatu endesha nusu saa bila abiria. Itatoa moshi mwepesi, ni kawaida, ila fanya nje kabisa: moshi wa rangi na moshi wa ekzosi ndani ya chumba ni hatari ya kufa.

Kuna tatizo ambalo kopo halikuambii. Sehemu ya nyuma ya ekzosi mara nyingi haifiki 300, kwa hiyo silikoni uliyopaka pale haikomai kamwe. Bomba la mbele litakuwa gumu kama kigae na la nyuma litakwaruzika kwa ukucha. Mafundi wengine huning'iniza ekzosi ndani ya pipa la chuma juu ya mkaa na kupandisha moto polepole wakiwa na kipimajoto. Inafanya kazi, kwa masharti kwamba rangi imekauka siku nzima na pipa liko uwanjani, mbali na kopo lolote la kupuliza. Makopo hayo yakipita nyuzi 50 yanaweza kulipuka.

Silva ya mkebe nayo hukomaa kwa joto la 200 hivi, na kwa kuwa mara nyingi hupakwa kwenye vitu vinavyofanya kazi saa nyingi mfululizo, kama jenereta au mashine ya kusaga, hujikomaza yenyewe. Tabaka mbili nyembamba za brashi. Alama za brashi zitaonekana.

Kauri ya fundi inatofautiana. Ipo ya tanuri, na ipo inayokomaa kwa hewa tu: Cerakote ya jamii ya C hukaa siku 5 na imekamilika bila moto. Kwa ile sehemu ya nyuma isiyopata joto la kutosha, hii ndiyo inayotatua shida niliyoitaja.

Petroli na oili

Enameli inashinda hapa bila ubishi, imetengenezwa kwa ajili ya injini inayovuja. Silikoni ambayo haijakomaa itafutika kwa tone moja la petroli. Iliyokomaa inavumilia kumwagikiwa, haivumilii kuloweshwa kila siku. Silva ya mkebe ni hivyo hivyo, na inashika masizi ya oili hadi haisafishiki. Kauri iliyokomaa inapanguswa kwa kitambaa.

Chumvi na unyevu

Silva ya mkebe ina sifa isiyosemwa sana: chembe za alumini hulala bapa kama magamba ya samaki na kuufungia unyevu njia. Kwenye chumvi naiamini kuliko silikoni nyeusi ya kupuliza, ambayo ni nyembamba na ina vitundu vidogo. Kauri iliyopigwa vizuri ndiyo inayokaa miaka. Enameli ni nzuri kwenye chumvi almradi iko ndani ya joto lake.

Ila hakuna hata moja inayolinda upande wa ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, kama mvuke. Pikipiki inayokwenda safari ya dakika tano na kuzimwa haipashi ekzosi ya kutosha kuyatoa, yanabaki ndani na asidi zake. Kabla ya kununua kopo, gonga sehemu ya chini ya ekzosi kwa bisibisi. Ikitoa sauti butu, au bisibisi ikizama, chuma kimeshaliwa.

Fedha na kurudia

Enameli na silikoni ya kupuliza ndizo rahisi kupata kwenye maduka ya vipuri, na kopo moja la mililita 400 linatosha ekzosi ya pikipiki. Silva ya mkebe ni nafuu kuliko zote ukigawa kwa eneo, lakini utaipata kwenye maduka ya rangi za viwandani, na mara nyingi huuzwa kuanzia lita nzima. Kauri ya kopo ni ghali kiasi. Ya fundi ni ghali kweli, na unalipia zaidi maandalizi kuliko rangi.

Kwenye kurudia, silva ya mkebe ndiyo rafiki: unakwangua paliposhindwa, unapaka kiraka, kesho hakionekani. Silikoni ya kupuliza inakubali kiraka lakini kinaonekana. Enameli inakubali kama rangi imelingana. Kauri ya fundi haina kiraka, unavua yote.

Kulingana na hali yako

Una bodaboda inayolala nje, unataka ekzosi ionekane nadhifu na uko tayari kuirudia kila mwaka: silikoni nyeusi ya kupuliza, chuma kitupu, moto wa hatua tatu. Ukiipata kwa rangi nyekundu au bluu kali, iache. Weusi wa rangi hizi hutokana na oksidi za metali zisizojali joto, wakati rangi nyingi za kung'aa hupauka kwenye bomba la mbele.

Una jenereta, mashine ya kusaga au boti ya injini, na urembo si shida: silva ya joto ya mkebe kwa brashi. Kwa mtu wa ufukweni mwenye fedha kidogo sioni inayoikaribia.

Unafufua injini ya gari au pikipiki na unataka irudi na rangi yake ya kiwandani: enameli kwa bloku, kava na sampu, halafu silikoni au kauri kwa menifodi. Usijaribu kumaliza yote kwa kopo moja. Kava zilizofunguliwa unaweza pia kuzipeleka kupigwa rangi ya unga, ambayo huokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200 na ni ngumu sana, lakini ile ya kawaida isifike kwenye ekzosi.

Una turbo, au dizeli inayopanda Lushoto na mzigo kila wiki: kauri, na kazi apewe fundi mwenye tanuri. Silikoni ya nyuzi 650 itakupa miezi michache.

Una ekzosi ya kromu ambayo bado inang'aa nusu: usipake chochote. Isugue, ipake nta ya joto au hata oili nyepesi kabla ya kuilaza, na usubiri hadi kromu iishe.

Na kama bisibisi ilizama pale chini, pesa ya rangi ipeleke kwa mchomeleaji akate sehemu mbovu na kuweka kipande kipya. Ukishamaliza, muombe atoboe tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke, kisha ndipo urudi kuchagua kopo.